Nauli Kabla ya Rambirambi





Katika jumuiya zetu tunajua kuzika. Habari ya msiba ikifika, haipiti saa moja kabla turubai halijafungwa, viti vimeletwa, kina mama wamefika na sufuria, na mwenyekiti wa jumuiya ameketi mezani na daftari la rambirambi. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa mtu wake wa karibu. Desturi hii ni tunu, wala sina nia ya kuibeza. Lakini juma hili naomba tulitafakari pamoja swali moja. Marehemu anapokuwa kijana wa miaka 17 aliyeugua saratani kwa mwaka mzima, daftari lile lilikuwa wapi miezi minane kabla, mama yake alipokuwa akihangaikia nauli ya kumrudisha hospitali kwa dozi ya nne?

Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo. Kwa kijana mwenye saratani, ndugu na marafiki ni sehemu ya tiba yenyewe. Wakisimama naye mpaka dozi ya mwisho, nafasi yake ya kupona huongezeka. Wakichoka katikati ya safari, hata dawa nzuri na daktari hodari hushindwa kumaliza kazi waliyoianza.

Tuangalie kwanza hali ilivyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri wa chini ya miaka 20 hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia nzima wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Sababu za pengo hili zinajulikana: ugonjwa kugunduliwa umechelewa, au kudhaniwa kuwa ugonjwa mwingine; vipimo na dawa kutopatikana; na wagonjwa kuacha matibabu kabla hayajakamilika. Sababu nyingi kati ya hizo ziko mikononi mwa serikali na wataalamu. Hii ya mwisho, ya kuacha tiba njiani, kwa sehemu kubwa iko mikononi mwetu sisi tunaoishi jirani na mgonjwa.

Kwa nini familia huacha? Si kwa sababu haimpendi mtoto. Matibabu ya saratani ni marefu kuliko mazoea yetu ya ugonjwa. Malaria tunaijua: dawa siku tatu, na mtoto yuko uwanjani. Saratani ya damu inayowapata watoto na vijana mara nyingi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi safari ilikuwa moja tu, kwenda Dar es Salaam, Ocean Road au Muhimbili. Leo zipo huduma pia Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo, kwa familia ya kijijini bado ni mabasi mawili au matatu, na mama kulala hospitali majuma kadhaa huku shamba limesimama, genge limefungwa, na wadogo wa mgonjwa wamebaki kwa bibi. Hata pale dawa inapotolewa bila malipo, nauli haitolewi bure, wala chakula cha njiani, wala mahali pa kulala wakati wa kusubiri majibu ya vipimo.

Kisha kuna mtego mwingine. Katika saratani ya tezi inayovimbisha taya au tumbo la mtoto, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, uvimbe unaweza kunywea haraka sana baada ya dozi za mwanzo. Familia inamwona mtoto anakula, anacheka, anakimbia. Inasema, “Bwana asifiwe, amepona, twende nyumbani.” Miezi michache baadaye uvimbe unarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Hapo ndipo anapohitajika shangazi, baba wa ubatizo au jirani mwenye busara wa kusema: “Dada yangu, daktari amesema dozi ngapi? Zimebaki ngapi? Basi turudi, mimi nitakusindikiza.” Sentensi moja ya namna hiyo yaweza kuokoa uhai.

Naomba niseme neno pia kuhusu wale wanaomwambia mgonjwa atupe dawa kwa kuwa ameombewa. Ndugu zangu, sala haishindani na dripu. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba anayekwenda hospitali amepungukiwa imani. Na Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si tiketi ya kufa. Katika utaratibu uliotolewa na Papa Paulo VI mwaka 1972, sakramenti hii ni ya kila mwamini aliye katika ugonjwa mzito, na yaweza kurudiwa hali inapozidi. Mwiteni padre mapema, kijana akiwa bado ana nguvu ya kuitikia “Amina” kwa sauti yake mwenyewe. Tukiitwa usiku wa mwisho tu, kijana anapoona kanzu mlangoni anaelewa kwamba amehukumiwa.

Sasa tumtazame kijana mwenyewe, maana ana mambo yake ambayo mtoto mdogo hana na mtu mzima ameshayapita. Kijana wa miaka 16 au 18 yuko katikati ya kujijenga. Ana mitihani ya kidato cha nne, ana timu ya mpira, ana kwaya, ana mtu anayemtazama kwa siri kanisani Jumapili. Ugonjwa unamrudisha mikononi mwa mama yake kuogeshwa na kulishwa. Nywele zinanyonyoka. Mwili unakonda, au unavimba kwa dawa. Pengine mguu unakatwa. Anajiuliza kama atasoma, kama ataoa au ataolewa, kama atazaa. Maswali hayo hamwambii mama, maana anaona mama ameelemewa. Hamwambii baba, maana baba hakai nyumbani, yuko kutafuta pesa. Anayabeba peke yake usiku.

Na sisi watu wazima mara nyingi tunamwongezea upweke huo kwa siri zetu. Tunanong'ona mlangoni. Tunamwambia ni “vidonda vya tumbo” au “damu imepungua”, naye analala katika wodi iliyojaa wenye saratani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana anajua. Anasoma nyuso zetu, na siku hizi ana simu pia. Tunapomficha, tunamfundisha kwamba jambo kubwa kuliko yote maishani mwake ni jambo lisilozungumzwa nasi. Aambiwe ukweli na daktari, wazazi wakiwepo, kwa lugha ya umri wake, pamoja na ukweli wa pili ambao ni wa lazima vilevile: tutakuwa nawe kila hatua.

Katika jambo hili tunaye mwalimu mzuri, Mwenyeheri Chiara Luce Badano. Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1971 katika mji mdogo wa Sassello, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Ruggero, alikuwa dereva wa lori. Yeye na mkewe, Maria Teresa, walikuwa wamesubiri mtoto kwa miaka 11. Mwaka 1988, akiwa na miaka 16, Chiara alipatwa na maumivu makali ya bega alipokuwa akicheza tenisi. Ikagundulika ni saratani ya mifupa. Alirudi nyumbani kutoka hospitali ya Turin akiwa ameshaelewa uzito wa ugonjwa wake. Mama yake alipomuuliza mambo yalikwendaje, alimsihi asiseme neno, akajitupa kitandani na kufumba macho. Mama alikaa kando yake, kimya. Kimya hicho kilidumu dakika 25. Kisha binti akageuka, akatabasamu, akamwambia mama kwamba sasa anaweza kuzungumza.

Dakika 25! Nani kati yetu angeweza? Sisi tungeanza pale pale: “Usiwe na wasiwasi, Mungu ni mwema, jirani wa fulani naye aliugua hivi hivi.” Maria Teresa hakuhubiri, wala hakutoka chumbani akalie nje. Alibaki. Alimwachia mtoto wake nafasi ya kupigana vita vyake, lakini hakumwacha peke yake vitani. Ninaamini wazazi wengi wenye mtoto mgonjwa wangepumua kidogo wakijua kwamba hawadaiwi majibu. Wanadaiwa kuwepo.

Kitabu cha Ayubu nacho kinatufundisha hivyo. Rafiki zake watatu walipomwona katika mateso yake, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walifanya vema kabisa. Makosa yalianza walipofungua vinywa na kumtafutia sababu ya ugonjwa wake. Rafiki hao bado wako kati yetu. Ndio wale wanaoingia chumbani kwa mgonjwa na kuuliza nani amemroga, mama yake alimkosea nani, au alitenda dhambi gani. Saratani nyingi za watoto na vijana hazina sababu inayojulikana. Si adhabu, si laana, wala haiambukizwi kwa kukaa karibu au kula sahani moja. Mwenye kuleta maneno mengine mbele ya kitanda cha mgonjwa na abaki nyumbani kwake.

Rafiki za Chiara Luce, vijana wenzake wa harakati ya Wafokolari, walikuwa wakimjia na kurudi, na walikiri kwamba walikwenda kumtia moyo wakaondoka wao ndio waliotiwa moyo. Na yeye hakukubali kuwa mpokeaji tu. Hospitalini Turin kulikuwa na msichana aliyekuwa na huzuni kubwa. Chiara alitembea naye korido, ingawa kutembea kulimwumiza na wazazi walimsihi apumzike. Akiba yake ya fedha alimpa rafiki aliyekuwa anakwenda Benin, huku Afrika, kuhudumia wahitaji. Hapa pana somo kwa wale wanaomtunza kijana mgonjwa: msimnyang'anye nafasi ya kutoa. Mwombeni amfundishe mdogo wake hesabu. Mwombeni ushauri. Mwulizeni wimbo upi uimbwe Jumapili. Anayehitajiwa na wenzake ana sababu ya kuamka kesho.

Mfano wa pili si wa altareni, lakini una mengi ya kutuambia kuhusu urafiki. Terry Fox wa Kanada aligunduliwa ana saratani ya mfupa mwaka 1977, akiwa na miaka 18, na mguu wake wa kulia ukakatwa. Mwaka 1980 aliamua kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoingia mapafuni. Alifariki tarehe 28 Juni 1981. Dunia inamkumbuka yeye, na ni haki. Lakini katika gari lililomfuata alikuwapo rafiki yake, Doug Alward, aliyeendesha, akapika na kumsubiri mbele kila baada ya mwendo fulani. Walipofika Nova Scotia walikuwa hawasemezani vizuri, kwa uchovu na hasira. Familia haikuwatenganisha. Ilimtuma mdogo wake Terry, Darrell, kijana wa miaka 17, aungane nao awe mpatanishi katikati yao, na safari ikaendelea.

Napenda habari hiyo kwa sababu inasema kweli. Mgonjwa kijana si malaika. Atakasirika. Atakataa chakula ulichopika kwa saa mbili. Atasema maneno yatakayokuchoma, maana wewe uliye karibu ndiwe pekee anayeweza kukukasirikia bila hofu ya kuachwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nayo dhiki hii ina siku mbaya nyingi. Usihesabu neno alilolisema akiwa na kichefuchefu. Na ukichoka, usikimbie. Mwite mwingine apokee zamu, nawe urudi kesho kutwa.

Kwenu ninyi vijana wa VIWAWA, wanakwaya na wanafunzi, nasema nanyi moja kwa moja. Najua mnaogopa kumtembelea mwenzenu kwa kuwa hamjui mseme nini. Semeni yale mliyokuwa mkisema kabla hajaugua. Mwambieni mechi ilikwisha ngapi kwa ngapi. Mpelekeeni madaftari ya masomo aliyoyakosa. Mtanieni kama kawaida yenu. Nendeni wawili wawili, kaeni muda mfupi, rudini mara nyingi. Oshni mikono kabla ya kumshika, na mwenye mafua asiende, maana dawa za saratani hushusha kinga ya mwili, na homa ndogo kwetu yaweza kuwa hatari kubwa kwake. Mkimkuta ana homa, waambieni walezi wake wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wala msimpige picha akiwa kitandani na kuisambaza kwenye makundi ya simu, hata kama ni kwa ajili ya kumwombea. Mwili ule ni wake.

Tena tusiwasahau wale walio nyuma ya kitanda. Mama analala kwenye kiti au sakafuni. Baba analia mahali ambapo hatumwoni. Wadogo zake wanaona upendo wote wa nyumba umehamia hospitali, wanaona haya kuulilia, na wakati mwingine wanaanguka shuleni bila mtu kujua sababu. Anayempikia mdogo wa mgonjwa uji wa asubuhi na kumsindikiza shule amemtibu mgonjwa pia, kwa kuwa moyo wa mama unatulia kule wodini.

Na ikiwa tiba itashindwa? Tusikimbie pia hapo. Chiara Luce aliwaandaa wazazi wake. Siku ya Mtakatifu Valentino aliwashurutisha watoke wawili kwenda kula chakula cha jioni, wazoee kuwa wawili bila yeye. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1990, na Kanisa likamtangaza Mwenyeheri tarehe 25 Septemba 2010. Inajulikana kwamba alikataa morfini ili abaki na akili safi. Lakini ule ulikuwa uamuzi wake, si sheria kwa wengine. Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kupewa dawa ya kutuliza maumivu, hata kama yaweza kufupisha maisha, maadamu nia ni kutuliza maumivu. Kwa hiyo mtu yeyote asimnyime kijana anayeteseka dawa ya maumivu kwa kisingizio cha kubeba msalaba. Msalaba wa mwenzako unaubebea upande, kama Simoni wa Kirene, humkandamizii begani.

Najua jibu ambalo wengine wenu mnalo tayari: “Padre, tumechoka na michango.” Ni kweli, mmechoka. Kuna harusi, kipaimara, ujenzi wa nyumba ya masista, na misiba. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Jumuiya yenye kaya 30, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa juma, inapata shilingi 30,000 kwa juma, na 120,000 katika majuma manne. Kwa familia inayokwenda kliniki kila mwezi, hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya kwenda na kutokwenda. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Jumuiya inayokutana kusali kila juma na haijui dozi ya mtoto wa jirani ni lini, bado ina safari.

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache. Kila jumuiya iwe na daftari la wagonjwa kando ya daftari la rambirambi, na liandikwe tarehe ya kliniki, si jina peke yake. Wateuliwe watu wawili wa kumsindikiza kijana na mzazi wake, kwa zamu, mpaka tiba itakapokwisha. WAWATA na UWAKA waulize familia inahitaji nini, badala ya kuamua wenyewe. Pengine si soda na matunda, bali mtu wa kulima ekari moja. Parokia zilizo jirani na hospitali kubwa zitafute kaya zitakazokubali kumlaza mzazi aliyetoka mbali. Na kijana akimaliza tiba, tumpokee kama mtu mzima mwenye kesho yake. Tusimwite “yule wa saratani”, wala tusimnong'oneze mchumba wake.

Mwinjili Marko anasimulia juu ya watu wanne waliombeba rafiki yao aliyepooza. Walipoona njia imezibwa na umati, walipanda juu na kutoboa dari. Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba. Tunayo bado nafasi ya kuwa miongoni mwa hao wanne, huku tukiwa hatujui ni kijana wa nyumba gani atakayetuhitaji mwaka huu.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, naomba wenyeviti wote wa jumuiya mbaki dakika chache mbele ya ofisi ya parokia. Njoni na majina ya vijana walio katika matibabu, na tarehe za kliniki zao zijazo.

Nawatakia juma jema. Mwenyezi Mungu awabariki, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wote wanaoteseka na wote wanaokesha kando yao.

Paroko wenu